Wimbo wa Kuvuta Boti

Kila siku akitoka shule, Ineza hupita nyumbani, huvua sare na kuikunja vizuri juu ya kitanda, hula kipande cha muhogo kilichobaki mchana, halafu huyo, mbio mpaka kwenye uwanja wa kituo cha vijana cha Minago. Huko vijana wa kando ya ziwa walikuwa wakiandaa mchezo wa nyimbo utakaoonyeshwa mjini Rumonge. Mchezo ulihusu mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia majumbani, na watu wakalazimika kuzihamisha boti zao hadi juu, mbali na maji.

Mwalimu wao alikuwa Mama Esperance, mshonaji aliyetoka Kivu, ng'ambo ya ziwa, tangu zamani. Yeye hakupenda watoto waigize kazi kwa mikono mitupu. Aliomba boti kuukuu, akaiweka juu ya magogo ya michikichi na kuifunga kamba ya kweli. Watoto walishika kamba wamepangana mmoja nyuma ya mwingine. Ineza, msichana wa miaka kumi na miwili, alisimama mbele akiwatazama, kwa sababu ndiye aliyeongoza wimbo. Yeye akiimba mstari, wenzake walivuta pumzi na kuikita miguu chini. Kisha waliitikia, "Twende juu!" na papo hapo wakavuta, boti ikasogea.

Sauti ya Ineza ilikuwa nzuri, na mwenyewe alijua. Siku moja wapita njia walisimamisha baiskeli zao ili wamsikilize. Ineza akaanza kudaka mstari kabla wenzake hawajamaliza kuitikia, ili sauti yake ipae juu ya zao. Watu wakapiga makofi. Akazidisha.

Mwisho wa kamba alikuwapo Aksanti, msichana mwembamba ambaye wazazi wake walihamia kutoka Kongo mwaka uliopita. Kamba ilimvuta kabla mguu wake haujakaa vizuri, akaanguka kifudifudi kwenye vumbi. Wakaanza upya, akaanguka tena.

"Aksanti," akasema Clever, mpiga ngoma, "wewe unavuta boti, ao boti ndiyo inakuvuta?"

Watoto wakacheka. Mama Esperance, aliyekuwa ndani akipima nguo za mchezo, akatoka na utepe wake wa kupimia shingoni.

"Kuna nini hapa?"

Wote wakamgeukia Ineza. Moyoni Ineza alihisi kwamba uimbaji wake ulikuwa na kasoro, lakini wazo hilo akalisukuma pembeni.

"Ni Aksanti, Mama. Anachelewa kila mara."

"Ni kweli, mutoto wangu?"

Aksanti alipangusa magoti yake.

"Basi acha kamba. Kesho utanisaidia nguo."

Aksanti akavaa kandambili zake, akaenda zake. Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata.

Jumamosi asubuhi Ineza alikwenda ufukweni na beseni lake kupokea ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka kwa baba yake, Karoli, aliyekuwa mvuvi. Upepo ulikuwa mkali, na mawimbi yaliipiga boti ya Karoli ubavuni. Ikibaki majini, mbao zingeachana.

"Wote kwenye kamba," Karoli akaita. "Hata wenye mabeseni."

Ineza akashika mwisho wa kamba. Aliyeongoza wimbo siku hiyo alikuwa Meshaki, kijana mwenye sauti tamu, na wasichana waliokuja kununua samaki walikuwa wakimtazama. Akadaka mstari mapema. Ineza hakuwa amevuta pumzi bado, na mguu wake mmoja ulikuwa juu. Kamba ikamkokota, viganja vikachubuka, mchanga ukamjaa mdomoni.

"We Meshaki," Karoli akasema huku akihema, "unakula pumzi yetu. Unatuimbia sisi, ama unawaimbia wale pale? Angalia mutu wa mwisho. Akishakanyaga vizuri, ndipo uanze."

Meshaki akainamisha kichwa, akaanza upya, safari hii polepole. Boti ikapanda mchangani. Ineza alisukutua mdomo kwa maji ya ziwa, lakini maneno ya baba yake hayakumtoka. Kumbe yeye ndiye aliyekula pumzi ya Aksanti.

Njia nzima aliwaza. Angeweza kubadilisha uimbaji wake kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Akisema ukweli, nafasi yake ingechukuliwa na Agnesi, mwenzao wa kwenye kamba aliyejua wimbo wote. Na nyanya yake, anayeuza mawese sokoni Rumonge, alikwisha kuwaambia wauzaji wenzake wote kwamba mjukuu wake ndiye atakayeongoza.

Alasiri walikutana kwa mazoezi. Mtoto mwingine, Elda, aliwekwa mwisho wa kamba. Ineza akaimba kwa uangalifu, akisubiri, na boti ikateleza juu ya magogo bila mtu kuyumba.

"Mnaona?" Mama Esperance akafurahi. "Kumbe kweli shida ilikuwa Aksanti."

Maneno hayo yalimchoma Ineza kuliko viganja vyake.

"Hapana, Mama. Shida ilikuwa mimi. Nilikuwa naanza mapema, wao hawajapumua. Nilitaka watu wanisikie mimi."

Agnesi akainua kichwa. Mama Esperance alikaa juu ya gogo, akautoa utepe shingoni.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua kidogo, Mama. Leo nimejua yote."

"Na mimi nilikosa. Nilimuuliza mara moja tu, mbele ya watu wanaomcheka." Akatikisa kichwa. "Lakini aliyeanguka si mimi, ni Aksanti. Nenda kwake. Kama utaongoza ama hutaongoza, ataamua yeye."

Aksanti alikuwa nyuma ya nyumba yao, akigeuza ndagala zilizotiwa chumvi na kuanikwa juu ya wavu.

"Amahoro, Aksanti."

"Amahoro." Hakuinua uso.

"Nilisema uongo. Wewe hukuchelewa. Mimi ndiye nilikuwa nawahi."

"Najua. Kule kwetu baba alikuwa anavuta boti kila siku. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Wewe uko na sauti. Mimi niko mugeni. Nani angenisikia?"

Ineza akachuchumaa kando ya wavu. Alianza kugeuza ndagala naye, chumvi ikimuuma viganjani. Aksanti akaona.

"Mikono imefanya nini?"

"Nilivutwa na boti."

Aksanti alijizuia, akashindwa, akacheka. "Nitakuja. Na uongoze wewe, maana Agnesi anaimba kama anasoma tangazo la ofisi ya komini. Lakini utaniangalia mimi, si watu wa baiskeli."

Siku ya mchezo, uwanja wa Rumonge ulijaa. Ineza aliimba mstari, kisha macho yake yakabaki kwa Aksanti mpaka itikio likaisha na mguu wa mwenzake ukashika ardhi, ndipo akaanza mstari mwingine. Boti ikatembea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyeitaja sauti ya Ineza. Watu wote walisimama kuishangilia boti.

Baadaye, wakikunja nguo, Mama Esperance aliwakusanya.

"Wenye sauti nzuri ni wengi," akawaambia. "Anayeongoza kazi lazima amwache hata yule wa mwisho apumue. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajaibeba aibu yako mpaka nyumbani kwao."