Neno la Shilinde Liandikwe

Shilinde alikamua ng'ombe wake, akanywa uji, kisha akafuatana na mkewe Jenifa kwenye mkutano wa kijiji. Siku hiyo walikuwa wanachagua mahali pa kuchimba kisima.

Mwenyekiti Alois akapataja: pale penye josho la zamani.

Shilinde akashtuka. Ujanani aliogesha mifugo kwenye josho lile. Mapipa ya dawa ya kuua kupe yalifukiwa papo hapo, mengine bado yana dawa ndani.

Akasimama. Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu, kwa hiyo akaeleza kwa Kisukuma.

"Kaa chini!" Alois akafoka. "Tangazo hukuliona? Mkutanoni Kiswahili tu. Hapa si zizini kwako."

Watu wakacheka. Jenifa akainuka. "Basi nimtafsirie."

"Mkalimani wa nini? Kwani tuko Ulaya?"

Mtendaji wa kijiji hakuandika kitu. Kisima kikapitishwa.

Ebo! Karibu wote pale ni Wanyamwezi, na Kisukuma wanakisikia vizuri. Alois mwenyewe hugombana na mkewe kwa Kinyamwezi. Walisikia kuna sumu, wakanyamaza, eti haikusemwa kwa Kiswahili! Sumu nayo huchagua lugha?

Jenifa akaenda moja kwa moja kwa Asnath, afisa maendeleo ya jamii wa kata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo?"

Jenifa akamweleza yote. Asnath akagonga meza.

"Muhtasari uandikwe kwa Kiswahili, sawa. Ni lugha ya taifa, kila mtu ausome. Lakini Kiswahili si kufuli la mdomo! Hata mahakamani, asiyekijua hupewa mkalimani. Na mkutano wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka kumi na minane, si wa wasemaji hodari."

Mkutano ukaitishwa upya. Shilinde akasema, Jenifa akatafsiri, mtendaji akaandika. Ili kuhakikisha, fundi akachimba pale joshoni hadi magotini. Pipa lenye kutu likatokea, na harufu kali. Asnath akawaondoa watu wote.

Kisima kikachimbwa karibu na zahanati. Tangazo likabanduliwa. Wanakijiji wakakubaliana: kila mtu aseme lugha anayoiweza, atafsiriwe, na maneno yake yaandikwe.

Mkutano uliofuata, mkono ukanyooka nyuma kabisa. Alikuwa Bibi Swaumu, mama mzazi wa Alois. Tangu tangazo libandikwe hakuwahi kusema neno mkutanoni.

"Mama?" Alois akashangaa.

"Nina mambo manne," akasema kwa Kinyamwezi. "La kwanza ni wewe."

Mtendaji akashika kalamu.