Feni Iliyongoja Jina

Velin alikuwa ametoka kwenda kununua chumvi ya mawe. Ilikuwa Novemba, kabeji arobaini zimeshapangwa kwenye pipa uani, na kabeji isiyotiwa chumvi huoza kabla ya Krismasi. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima. Simu ikalia akiwa bado langoni.

"Shemeji, gari limechemka!" Alikuwa Pencho, mume wa dada yake. "Tuko kona ya tatu, penye bomba. Na Rayna chupa imepasuka, Velin. Chupa imepasuka!"

Zamani Rayna angejifungulia hapa hapa mjini. Lakini wizara ilihesabu, ikaona wanaozaliwa wilayani ni wachache mno kustahili wodi, ikaifunga. Tangu hapo wanaozaliwa wamepungua zaidi, na wizara inajisifu kwamba iliona mbali. Sasa mwenye mimba huvuka mlima. Mwendo wa saa nzima, kama gari halichemki.

Gari la Velin mwenyewe lilikuwa juu ya matofali tangu Pasaka, kama yalivyo magari ya mafundi wote. Akabeba mkoba wa vifaa na tochi, akapanda kwa miguu.

Aliwakuta kwenye kona. Boneti imefunguliwa, mvuke unapanda, harufu tamu ya maji ya rejeta imejaa hewani. Rayna kiti cha nyuma, ameuma kola ya koti lake. Pencho huku na huku, simu sikioni.

"Ambulensi?"

"Wanauliza tuko wilaya gani. Mpaka unapita hapa hapa, shemeji. Boneti iko kwetu, buti iko kwao. Wanashauriana!"

"Feni imewaka?"

"Haijazunguka hata kidogo. Na gari limepita ukaguzi Jumatatu! Nina muhuri!"

"Basi uambie muhuri uzungushe feni," Velin akasema. "Nishikie tochi."

Rayna akaguna kutoka nyuma. "Nyie endeleeni kutaniana. Mimi nitazaa humu, na mtoto nitamwita Boneti."

Velin akaanza. Fyuzi nzima. Akachomoa soketi ya sensa chini ya rejeta, akaunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya. Feni ikanguruma palepale. Vizuri. Mota hai, rilei hai, umeme unafika. Akakichomoa, ikanyamaza. Akagusa rejeta kwa nyuma ya kiganja: juu ya moto, chini baridi kama jiwe la mto.

"Sensa haina kosa," akasema. "Imekaa hewani. Maji yamevuja, na isipoguswa na maji ya moto haijui kuna joto." Akalipata tundu: kibano cha bomba la chini la rejeta kimelegea. Akakikaza. "Lete maji, tujaze, twende."

Maji yalikuwa hatua kumi tu. Bomba la mawe, la ukumbusho, kama yaliyojaa njia zote za mlima ule. Watu wa huko humjengea marehemu wao bomba ili apitaye anywe, na anayekunywa hutaja jina lililochongwa, akasema, Mungu amsamehe. Ndiyo malipo yenyewe. Velin alikuwa akisema hivyo tangu hajajua kusoma.

Safari hii hakusema. Alijaza galoni mbio mbio, akarudi.

Akafunika kifuniko cha rejeta kwa koti, akakifungua taratibu. Mvuke ukafoka. Akamwambia Pencho awashe injini, akamimina kidogo kidogo ili chuma kisipasuke. Hewa ikatoka ikibwabwaja. Ikajaa. Akarudisha soketi mahali pake.

Wakangoja.

Mshale ukapanda. Bomba la chini la rejeta likawa la moto. Feni... kimya.

Akachomoa tena, akaunganisha waya uleule, mahali palepale.

Kimya.

Feni iliyonguruma dakika chache nyuma sasa haikutikisika. Velin akaisukuma kwa bisibisi. Ilikuwa laini, haijakwama. Imekataa tu.

"Velin..." Rayna akaita, na safari hii hakukuwa na utani. "Velin, mtoto anakuja."

Ndipo akasikia mtungi ukigonga jiwe.

Kwenye bomba alisimama bibi kizee, kitambaa cheusi kichwani, mgongo umepinda. Hakumsikia akija. Alinuka nta ya mshumaa, na kitu kingine... udongo uliochimbwa leo.

"Umechukua maji, mwanangu," akanong'ona. "Hujasema."

Si maneno ya kutisha. Bibi yeyote wa pale angemsema hivyo. Lakini nywele za shingo zilimsimama Velin. Akamulika jiwe kwa tochi, akafuta ukoga kwa mkono, akasoma kwa pupa kama mtu anayesaini karatasi asizozisoma.

"Kostadin, Mungu amsamehe. Stoyna, Mungu amsamehe."

Maji ya bomba yakakatika.

Bibi akainua uso. "Stoyna?" akanong'ona. "Mimi bado, mwanangu."

Velin akatazama jiwe tena. Chini ya jina la Kostadin palikuwa na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Chini ya Stoyna palikuwa na wa kuzaliwa tu, kisha kistari... kisha jiwe tupu. Huko wajane huchongwa majina mapema pamoja na waume zao, tarehe ya mwisho ikaachwa wazi. Fundi mawe ni ghali kumwita mara mbili. Na maneno yale ni ya wafu tu, hayasemwi kwa aliye hai; kila mtoto anajua kutazama kistari kabla ya kufungua kinywa.

Yeye hakutazama.

Nyuma yake feni ikanguruma.

Alipogeuka tena kwenye bomba hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yakitiririka kama kawaida.

"Inazunguka!" Pencho alikuwa akipiga kelele. "Na watu wa ambulensi wamenipa nambari ya shauri! Saa kumi na moja na dakika ishirini, wameandika!"

Velin akaondoa kipande cha waya, akarudisha soketi, wakavuka mlima. Feni haikuzima hata mara moja, hata kwenye mteremko mrefu ambako injini ilipoa. Uani hospitalini Velin akazima gari. Feni ikaendelea. Hilo ni la kawaida, joto hubaki. Akangoja. Akachomoa waya wa betri. Feni ikaendelea.

Alisimama mbele yake na nati ya betri mkononi, pumzi ikimtoka kama moshi.

Saa moja kasorobo ikazima. Dakika ileile Pencho akatoka mbio, bila kofia, akilia na kucheka. Msichana. Mzima.

Rayna alikuwa amelala chali, mweupe, ametulia. "Yule bibi mmemshusha wapi?" akauliza.

"Bibi gani?"

"Aliyekaa nami nyuma. Mkono wake baridi, lakini aliushika wangu njia nzima. Kama si yeye..." Akamtazama mtoto. "Aliniomba kitu kimoja tu. Jina."

Velin hakuuliza jina gani.

Kesho yake alipanda tena kwenye kona, kuomba radhi kama kuna wa kuombwa. Alimkuta mzee mmoja akibandika tangazo la msiba kwenye jiwe, brashi ya gundi mkononi.

"Shangazi yangu," mzee akasema. "Jana. Saa kumi na moja na dakika ishirini, nilikuwa natazama saa nimpe dawa."

"Alitoka nje jana?"

Mzee akamtazama kama anavyotazamwa mlevi. "Kutoka? Miaka mitatu hajainuka kitandani. Alikuwa anakataa tu kwenda. Anasema, anachoogopa ni giza, kufa si tatizo."

Soketi ilikuwa na kutu, Velin alijiambia akiteremka. Soketi yenye kutu inaweza kugoma mara moja na kushika mara ya pili. Feni yaweza kuwaka yenyewe... Alijiambia hivyo siku nzima. Usiku aliamka mara nne kugusa nati iliyokuwa mfukoni mwa suruali.

Ijumaa wakaenda kusajili mtoto. Walipoegesha, Velin akachomoa waya wa betri, kama alivyofanya kila waliposimama tangu siku ile. Pencho alishaacha kuuliza. Karani alidai fomu ijazwe kwa wino wa buluu, kisha akagundua kalamu yake ni nyeusi, kisha akaenda kutafuta nyingine ghorofa ya pili. Rayna alimpakata mtoto. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, yamemkazia Velin. Hayakupepesa.

Karani akarudi, akaandika, akasoma kwa sauti ili wathibitishe.

"Stoyna. Jina la kizee hili, lakini haya. Kuzaliwa..." Akaandika mwaka. Mbele yake, kwa mazoea ya fomu, akapiga kistari.

Nje, uani, kwenye gari lililozimwa, boneti ina barafu, feni ikanguruma.

Velin akatia mkono mfukoni. Nati ilikuwamo.

Maneno yakamjia kinywani yenyewe, kama yanavyomjia mtu wa kule anaposikia jina la marehemu. Mungu ams...

Mtoto alikuwa akimtazama mdomo.

Akayameza.