Aliyeitikia Spika ya Kushoto

Spika ya kushoto ilikohoa kabla Sulle hajawasha redio.

Kilikuwa kikohozi cha mzee, cha mtu anayesafisha koo ili aseme jambo, kisha kimya. Sulle alikuwa ndiyo kwanza amepanda kwenye kebini ya pikapu yake, ufunguo bado uko mkononi. Aligeuka akayatazama maboksi mawili ya spika aliyoyafunga nyuma ya kiti, akacheka peke yake. Gari kuukuu lina kelele zake, alijiambia, na mtu aliyehangaika namna ile kutafuta muziki haanzi kubishana na kikohozi. Akapiga stata, akaenda kubeba abiria.

Na kweli alikuwa amehangaika. Alikuwa dereva wa shamba la ngano la serikali kwa miaka mingi, na shamba lilipouza magari yake yaliyochoka, yeye alipata Pijo hii, akaanza kusafirisha watu kati ya Katesh na Basotu. Mambo yalimwendea vizuri mpaka Nikolausi alipoleta pikapu yenye redio kaseti. Abiria wa Hanang ni watu wa ajabu. Wako radhi kubanana juu ya magunia na mbuzi, vumbi likiwajaa masikioni, mradi masikio hayohayo yapate muziki. Wote wakahamia kwa Nikolausi, na Sulle akabaki anasafirisha upepo.

Siku ya mnada alikwenda kwenye meza ya fundi Kasian. Kasian alimwekea redio mbili mbele yake. Moja ilikuwa na taa za kijani zinazochezacheza, nyingine nyeusi tupu, na kinobu kigumu cha kuzungusha.

"Hii ya taa ni ya macho," Kasian alisema. "Hii nyeusi ni ya masikio. Wewe unabeba macho au masikio?"

Sulle akachukua nyeusi. Kwenye spika walikawia zaidi. Kasian alibonyeza karatasi ya kila moja kwa vidole gumba, taratibu, sikio likiwa karibu, na iliyokwaruza akaiweka kando. Mwisho akachagua mbili zenye upana wa sahani.

"Lakini spika bila boksi ni mdomo bila kifua," alionya. "Milango ya Pijo yako imeoza, haitazibeba. Katengeneze maboksi. Na usiniletee mbao za msonobari kutoka Mbulu, zile bado mbichi, zitalialia tu. Tafuta mti mgumu, uliokauka miaka."

Sulle alijua pa kuupata. Kando ya shamba la ngano, upande wa Hirbadaw, palikuwa na rundo la nguzo nyeusi, ngumu kama chuma. Wabarbaig, wafugaji wa huko, wakimzika mzee mkubwa humjengea kilima juu yake, nguzo na udongo na samadi, ukoo mzima ukishiriki, na kilima hicho hukiheshimu vizazi hata vizazi. Trekta za shamba zilipoingia, kilima kimoja cha namna hiyo kilisawazishwa pamoja na vichuguu, nguzo zikatupwa kando. Baridi ya Hanang si ya kuchezea na kuni ni za shida, lakini hakuna mtu aliyewahi kuchukua hata ukuni mmoja pale.

"Baba Letisia, ule si mti wa kugusa," mkewe Fabiola alimwambia.

"Mti ni mti. Na mzee mwenyewe alishakuwa ngano."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mkewe sijui huvunjika nini, ila Sulle alikuja kukijua.

Maboksi yalitoka mazuri. Besi ilipiga mpaka abiria wa nyuma wakaisikia matumboni, na baada ya siku chache Nikolausi ndiye aliyekuwa akisafirisha upepo. Ni kweli kebini ilianza kunuka samli iliyochacha na samadi mbichi, hata ikioshwa. Ni kweli pia kwamba kwaya ikiimba kulikuwa na sauti moja nzito iliyochelewa kunyamaza wenzake walipomaliza. Sulle aliongeza sauti ya redio, asisikie.

Sasa lazima niseme jinsi alivyomlea mwanawe. Letisia alikuwa darasa la pili, mtoto wao wa pekee, na Sulle alijivunia jambo moja kuliko gari: mtoto wake hakuitwa mara mbili. Akiitwa na mkubwa huitika hapohapo, "Abee", na shikamoo ikifuata. Majirani wote wa kijijini kwao, Jorodom, walimsifu. Sulle alimfundisha hivyo kwa upole, na mara nyingine kwa fimbo.

Asubuhi moja yenye ukungu, Letisia alikuwa uani akifuta kioo cha pikapu. Sulle alikuwa ndani akinywa uji. Injini ilikuwa imezimwa, redio imezimwa, na funguo zilikuwa mezani kando ya bakuli lake.

"Letisia," sauti ya mzee iliita.

Sulle alidhani ni jirani.

"Abee," mtoto aliitika. "Shikamoo."

"Marahaba."

Kijiko cha Sulle kilisimama njiani. Sauti ile haikutoka barabarani. Ilikuwa na mngurumo wa chini, ule alioutafuta mwenyewe kwa mti mkavu, na bakuli lilikuwa limetetemeka mezani. Alipofika mlangoni, Letisia alikuwa anakuja mbio, mdomo wazi, shingo imekakamaa kwa kulia, na hakuna sauti yoyote iliyotoka. Machozi yalitoka, pumzi ilitoka, lakini sauti haikuwamo.

Hospitalini Mbulu daktari alimulika koo lake, akasema ni zima kabisa, labda mtoto ameshtuka. Katekista alikuja na maji ya baraka, akanyunyiza kebini yote, na alipomaliza sala, spika ya kushoto ikajibu "Amina" kwa sauti ya Letisia. Katekista yule hakuaga. Aliacha hata kofia yake.

Tangu hapo sauti ya mtoto ikakaa humo. Ilikatiza nyimbo, redio iwe imewashwa au imezimwa, ikiimba kwa Kibarbaig, lugha ambayo Letisia hakuwahi kujifunza neno lake hata moja. Siku moja wazee wa Kibarbaig waliokuwa wamepanda nyuma waliusikia wimbo ule wakagonga kebini kwa fimbo zao, wakashuka porini, mbali na makazi.

"Huo ni wa kuzikia," mmoja wao alimnong'oneza Sulle dirishani. "Nani alimfundisha mtoto huyo?"

Abiria wakarudi kwa Nikolausi. Sulle hakujali tena. Alirudi kwa Kasian akiwa amempakata mtoto, akamwomba azing'oe zote, redio, spika, kila kitu, hata akitaka achukue na gari lenyewe. Kasian akaingiza plaizi, akakata waya mmoja. Letisia akashika koo lake, macho yakamtoka, miguu ikaanza kupigapiga kiti.

"Rudisha," Sulle alisema kwa kunong'ona. "Rudisha, rudisha."

Kasian aliunganisha waya, na mtoto akavuta pumzi. "Kaka, mimi ni fundi wa redio," alisema bila kumtazama. "Hii si redio tena."

Lililomtia Sulle wazimu ni kwamba sauti ile ilikuwa inafifia. Kila siku ilizidi kwenda mbali, na kadiri ilivyofifia ndivyo mtoto naye alivyokonda, akakataa uji, akakataa maziwa, akalala tu akiuangalia ukuta. Sulle akadhani ni betri. Aliichaji, akabadilisha, akaazima ya jirani, akaiacha injini ikiunguruma uani kutwa nzima ili umeme usipungue, petroli ya shida aliyoitafuta kwa kupiga magoti ikiishia hewani, na yeye ameketi kwenye kebini yenye harufu ya samli mbovu, sikio limebanwa kwenye boksi, akisikiliza mwanawe akiimba mazishi kwa mbali kama mtu anayevuka kilima kwenda upande wa pili, na akimwomba kwa jina asiende, naye asijue kama anamwomba mtoto au anamwomba yule anayemchukua.

Fabiola ndiye aliyesema. "Mwenye marehemu yuko hai. Nenda kwa mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa bibi Udagwenga, binti wa mzee aliyezikwa chini ya zile nguzo, aliyeishi Hirbadaw pembeni mwa ngano. Sulle alimkuta ameketi mlangoni, sketi ya ngozi, bangili za shaba mikononi.

"Shikamoo, bibi."

Hakujibu. Sulle alisimama na shikamoo yake hewani, mtu mzima, jasho likimtoka, na hakuna kitu kilichowahi kumwaibisha vile.

"Umekuja sababu ya mtoto," bibi alisema mwisho. "Trekta zilipopita juu ya baba yangu, mimi nililia hapa. Hakuna aliyekuja."

"Nimekosa, bibi. Nilichukua miti. Nisaidie, mtoto anakufa."

"Baba hana pa kulala, ndiyo anaita. Zamani aliita, wajukuu wakaitika. Sasa wamefukuzwa, wamekwenda mbali. Anaita, hakuna mtu." Alimnyoshea Sulle kidole. "Wewe ukampa mdomo. Na mtoto wako ana adabu."

"Atamwachia?"

"Aliyeitika haachiwi. Labda aitike mwingine mahali pake."

Walikwenda mchana uleule, Fabiola akimpakata mtoto. Ngano ilikuwa imekomaa, na kuikanyaga ngano ya serikali lilikuwa kosa la kumpeleka mtu mahakamani, lakini Sulle aliingiza pikapu katikati yake bila kufikiri mara mbili. Bibi alimwonyesha mahali. Hapakuwa na alama, ila ngano ya pale, iliyoota kwa duara, ilikuwa ndefu kuliko nyingine na haikuyumba. Upepo wa mlima Hanang uliinamisha shamba zima, ila duara lile lilisimama wima.

Sulle akachimba. Akayashusha maboksi yakiwa mazima, spika ndani yake, na redio na betri na nyaya zake zote, asithubutu kukata chochote, akayalaza shimoni, bibi akiweka majani mabichi na kumwaga maziwa, akisema maneno ya kwao kwa sauti ya chini. Harufu ya samli ikapanda, na wimbo wa Letisia ukatoka ardhini, mwembamba, unakaribia kwisha, na Sulle alikuwa amepiga magoti na udongo umemjaa kucha, akisubiri, mara anamtazama bibi, mara anamtazama mtoto aliyelegea mapajani mwa mamaye, mpaka wimbo ukakatika katikati ya neno, na ndege wakanyamaza, na ile spika ya kushoto ikakohoa.

"Letisia."

Mtoto aliinua kichwa. Midomo yake ilianza kufunguka, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

"Naam!" Sulle aliitika. Kisha, kwa sauti iliyokatika, "Shikamoo."

Shimo lilinyamaza kidogo, kama mzee anayeangalia nani aliyemsalimu.

"Marahaba."

Ngano ya duara lile ikainama kama nyingine. Nyuma yake Sulle akasikia kitu alichokuwa tayari kukifia.

"Baba," Letisia alisema. "Baba, nina njaa."

Aligeuka amjibu. Alifungua mdomo, akasukuma pumzi, na pumzi ikatoka peke yake. Fabiola alimtazama akaelewa, akaanza kulia kimyakimya. Sulle hakulia. Alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika anaumizwa, na lalamiko lile lilikuwa tamu masikioni mwake. Walifukia, wakajenga kijilima kifupi cha udongo na samadi. Walipokuwa wanaondoka, bibi Udagwenga alimshika Sulle mkono.

"Marahaba," alimwambia.

Ingekuwa heri hadithi ingeishia hapo, lakini ngano haina subira. Ilivunwa, na baada ya mavuno majembe ya trekta yakaingia. Sulle alikwenda ofisini kwa meneja, akaonyesha kwa mikono: hapa, kilima, msipite. Makarani walimwonea huruma, wakampa chai. Dereva mpya alipita pale moja kwa moja, na vilivyofukuliwa akavitupa kando ya shamba, kwenye rundo lilelile.

Rundo la nguzo watu waliliogopa. Lakini maboksi mawili ya spika nzima, nani angeyaacha?

Siku ya mnada, Sulle alikuwa anatembea mjini Katesh na mwanawe, mkono kwa mkono. Letisia alikuwa amenenepa, anaongea bila kituo, kana kwamba anaongea kwa niaba ya wawili. Pikapu ya Nikolausi ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka, milango wazi, watu wameizunguka wakisifu besi yake mpya. Sulle alinusa samli kabla hajaona chochote. Kisha akayaona nyuma ya kiti, meusi, na misumari aliyoigonga kwa mkono wake.

Muziki ulikatika. Spika ya kushoto ikakohoa.

"Letisia," iliita.

Haikuwa sauti ya mzee. Ilikuwa sauti ya baba yake, ileile ya kumwita kwenye uji, sauti ambayo mtoto hakuwa ameisikia tangu siku ile shambani na aliyokuwa akiililia mara nyingi kabla ya kulala. Letisia aligeuka, uso umejaa furaha.

Sulle akamziba mdomo kwa kiganja. Alitaka kumwambia usiitike, mwanangu, usiitike hata nikiita mimi, na hakuwa na cha kumwambia nacho. Mtoto alimtazama kwa mshangao, kisha akaitazama pikapu.

"Letisia," baba yake aliita mara ya pili.

Hakuwahi kuitwa mara mbili maishani mwake. Chini ya kiganja, Sulle aliihisi midomo ya mtoto ikianza kufunguka.