Viatu vya Mkaguzi

Mbwa ndiye aliyeanza. Saa nne asubuhi, soko limefurika, mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililolala alitia pua kwenye kikapu cha fundi cherehani akatoka na kipande cha kitambaa. Mwenye mbwa, fundi umeme, alimkimbilia huku jasho likimtiririka na bisibisi ikichungulia mfukoni.

"Samahani, dada. Huyu anaitwa Mkaguzi. Hapiti kitu bila kukikagua."

"Na wewe kazi yako nini?"

"Kuomba radhi."

Fundi cherehani akacheka. Alivaa gauni la buluu alilojishonea, limemkaa kama alizaliwa nalo. Fundi umeme aliliona, wala hakujifanya hakuliona.

Jua la kiangazi lilikuwa kali, na kila Jumapili wakawa wanatoka watatu. Ya kwanza walikwenda mtoni. Mkaguzi aliogelea, kisha akajikung'uta palepale kwenye gauni la njano la fundi cherehani. Ya pili walipanda kilima wakala tikiti maji kivulini. Mbwa alikula mpaka maganda.

"Mchumba wangu wa zamani kila akija ana suruali iliyochanika," alisema fundi cherehani. "Nilimshonea miaka miwili. Mwisho akaoa mwingine, tena kwa suti niliyomshonea mimi. Sasa mwanamume akinijia na kitu cha kushona, namfungia mlango."

Fundi umeme alitafuna tikiti lake, akaliweka neno hilo moyoni.

Jumapili ya tatu, wakienda uwanjani kucheza mpira, lami ilimuunguza Mkaguzi nyayo. Fundi umeme alimbeba mabegani hadi nyumbani kama gunia la mkaa.

Ya nne, Mkaguzi alikuja na viatu. Viatu vinne vya turubai, vyenye kamba, vimeshonwa kwa mkono. Fundi umeme naye alikuwa na plasta kwenye vidole vitatu.

"Umefanya nini?"

"Umeme, mpenzi. Kazi ina mambo yake."

Fundi cherehani alikigeuza kiatu kimoja. Mishono midogo, imelingana. Miaka kumi na mitano kwenye ufundi ilimfundisha kwamba mtu hawezi kukaa na sindano kwa subira hiyo, kwa ajili ya mbwa wa mwenzake, bila sababu.

"Nani kamshonea?"

"Mtu tu."

"Mtu huyo anajua kazi."

Fundi umeme akatabasamu hadi magego. Alidhani amesifiwa. Mwenzake alichoona ni mwanamume anayefurahi akitajiwa mwanamke mwingine. Akasema kichwa kinamuuma, akarudi kwake.

Katikati ya wiki simu ikalia.

"Mpenzi, Jumapili twende ziwani?"

"Nenda na fundi wako."

"Fundi yupi tena?"

Simu ilikuwa imekatwa. Alipiga mara tatu zaidi, haikupokelewa.

Jumapili akaondoka na mbwa peke yake. Kwenye njia panda Mkaguzi aligoma kwenda upande wa ziwa. Akamvuta bwana wake mpaka mlangoni kwa fundi cherehani, akalala kizingitini, akaanza kutafuna kamba ya kiatu mpaka ikakatika.

Fundi cherehani alitoka, mikono kiunoni. "Mpeleke kwa aliyeshona."

"Ndiye huyu mbele yako."

Fundi umeme alikaa kwenye ngazi, akafungua begi la vifaa. Kati ya koleo na nyaya akatoa sindano na uzi. Vidole vyake vilikuwa vinene, lakini sindano iliingia na kutoka bila kupotea. Mwisho akausokota uzi mara mbili, akaukaza.

"Fundo gani hilo?"

"La kuunga waya. Jingine silijui."

Fundi cherehani alivikagua vile vitatu vingine. Vyote vilikuwa na fundo hilohilo. Akakaa kando yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema anayekujia na kitu cha kushona unamfungia mlango. Nikajifunza. Shangazi aliyenifundisha alinicheka wiki nzima."

"Na umeme uliokuchoma?"

"Umeme haujawahi kunichoma. Sindano ndiyo mbaya." Akamvisha mbwa kiatu. "Nataka kuja kwenu kuposa."

Fundi cherehani alifunga mlango, akatia ufunguo kwenye mkoba, akaishika kamba ya shingoni mwa Mkaguzi.

"Leo twende ziwani. Jumapili ijayo njoo uonane na mama." Alimtazama kuanzia shingoni hadi magotini. "Uvae suruali nzima."