Sindano Kumi za Bibi

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare, Chiriku alitia uzi sindano kumi na kuzichomeka kwenye mto mdogo kando ya cherehani ya bibi yake. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, ila kuhusu sindano zile aliutia mdomo kufuli. Hata mama yake hakujua.

"Ukisema tu, watanipeleka kupasuliwa," Bibi alimwonya. "Jirani ameniambia jicho hung'olewa, likaoshwa kwenye sahani, ndipo likarudishwa. Likirudishwa kinyumenyume nitashonaje?"

Chiriku hakuweza kuifikiria nyumba ile bila mlio wa cherehani, kwa hiyo alinyamaza.

Siku moja mwalimu wa hesabu alikuja kuchukua shati lake jipya. Mkono mmoja ulikuwa mweupe, wa pili samawati. Mama alilitazama shati, akamtazama Bibi.

"Mama, kesho tunakwenda kupima macho," alisema.

Chiriku akapata wazo. Ubao wa kupimia macho aliufahamu, maana ulipelekwa shuleni kwao mwezi uliopita. Ulikuwa na alama zenye miguu mitatu, na mpimwaji husema miguu imeelekea wapi. Jioni ile alimfundisha Bibi mpaka akakariri: juu, kulia, chini, kushoto, kulia, juu.

Kesho yake daktari wa macho, mwanamama mcheshi, alimketisha Bibi kitini na kumziba jicho moja. Kabla hajauliza lolote, Bibi aliinua kidole kwa madaha.

"Juu, kulia, chini, kushoto, kulia, juu."

"Hongera, Bibi," daktari alisema. "Kasoro ni moja tu. Ubao nimeushusha kuufuta vumbi. Ninao hapa mkononi."

Bibi aliukodolea macho ukuta mtupu. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze, na machozi yakamtoka.

"Nilimfundisha mimi," alisema. "Na sindano zote natia uzi mimi. Bibi haoni, Daktari, lakini naogopa akipasuliwa hatashona tena."

Daktari hakumkemea. Alimmulika Bibi macho kwa tochi ndogo, akayachunguza, kisha akavuta kiti akakaa karibu nao.

"Ndani ya jicho mna lenzi," alieleza. "Lenzi za Bibi zimeingia ukungu, ndio huo uitwao mtoto wa jicho. Jicho halitoki mahali pake hata kidogo. Nalitia dawa ya ganzi, nafungua upenyo mdogo, natoa lenzi yenye ukungu na kuweka nyingine safi. Kwa kawaida haifiki hata nusu saa. Mkiendelea kuficha, hapo ndipo ataacha kushona."

"Na ile sahani?" Bibi aliuliza.

"Sahani ni ya chakula, Bibi."

Wiki iliyofuata Bibi alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Siku ya pili bandeji ilipofunguliwa, alipepesa jicho, akamtazama Chiriku kwa furaha, kisha akalishika gauni lake mwenyewe.

"Nani alishona pindo hili? Limekwenda upogo."

"Ni wewe, Bibi."

Walicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Bibi alitiwa dawa ya matone kwa wiki kadhaa bila kulifikicha jicho, kisha la pili nalo likatengenezwa. Asubuhi moja Chiriku aliamka, akakuta sindano kumi zimechomekwa kwenye ule mto mdogo, zote zina uzi. Bibi alikuwa amekaa kwenye cherehani, miwani ya kusomea puani, akimalizia mkono mpya mweupe wa shati la mwalimu, badala ya ule wa samawati.

"Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua," Bibi alisema. "Mimi nimeumbuliwa na mkono wa shati, nami nashukuru. Mjukuu wangu, ukinipenda, usinifichie ugonjwa. Sema mapema, nitibiwe mapema."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya, sogea hapa. Kifungo hicho cha sare yako kinaning'inia tangu lini?"

"Tangu mwaka jana," Chiriku alijibu, akasimama wima ashonewe.