Majani ya Safu ya Mwisho

Kila siku Lan Suqing alichuma majani ya miforsadi, akayatandaza yakauke umande, kisha akayapeleka kwa bibi yake kwenye chumba cha viwavi wa hariri. Viwavi walilala kwenye nyungo za mianzi zilizopangwa juu kwa juu hadi karibu na dari. Walikuwa wamenenepa. Muda si mrefu wangeacha kula na kuanza kujizungushia nyuzi. Hariri yao ndiyo iliyoendesha nyumba, na ndiyo iliyomlipia kaka yake, Yonghe, mafunzo ya kurusha droni za kunyunyizia dawa mashambani.

Bibi alikuwa na desturi asiyoivunja. Majani mapya hayakuingia kwenye nyungo zote kwa pamoja. Kwanza walionjeshwa viwavi wachache waliotengwa kwenye kikapu cha dirishani, na wengine wakaendelea na majani ya jana mpaka ijulikane kwamba wale wachache ni wazima. Kazi ya kuonjesha ilikuwa ya Suqing.

Yonghe alikuwa amefaulu mtihani wa kuandika, ukabaki wa kurusha. Mwalimu wake, Bi Pang, aliwakataza wanafunzi kunyunyizia dawa bila rubani mwenye cheti kuwa kando yao. Matone ya dawa husafiri na upepo, aliwaambia, na kiasi kisichoonekana kwenye jani kinatosha kumuua kiwavi wa hariri.

Jumamosi moja, jirani yao mzee Meng alikuja akihangaika. Wadudu walikuwa wakifyonza mpunga wake, na marubani wote wa ushirika walikuwa bonde la pili. Yonghe alikataa. Mzee akaendelea kumsihi, akamwita rubani mbele ya watu, na mwishowe Yonghe akaichukua droni ya ushirika. Alimpa Suqing mwanzi wenye kitambaa chekundu, akamsimamisha kati ya mpunga na miforsadi.

"Kitambaa kikielekea kwenye miforsadi, shusha mwanzi, nami natua," alimwambia. "Na ukisinzia nitakupulizia dawa wewe, chawa wakutoke."

"Chawa wangu wanasubiri upate cheti kwanza, Kaka."

Droni ilikwenda na kurudi vizuri juu ya mpunga. Ilipobaki kona ndogo tu, kitambaa kiligeuka na kuelekea kwenye miforsadi. Suqing alikiona. Alimwona pia mzee Meng akitikisa kichwa kwa kuridhika, na kaka yake akitabasamu kama ambavyo hakuwa ametabasamu muda mrefu. Hakuushusha mwanzi. Baada ya kitambo kitambaa kilitulia, naye akajiambia kwamba hakuna kilichotokea.

Jioni ile safu za karibu zilikuwa zimekwisha majani, Suqing akachuma safu ya mwisho, iliyopakana na mpunga. Yonghe, akiamini kwamba upepo haukugeuka, hakumwambia Bibi kuhusu droni.

"Umeonjesha?" Bibi alimuuliza Suqing, kama kawaida yake.

Hakuwa ameonjesha. Kama viwavi wa kikapuni wangekufa, habari ya droni ingemfikia Bi Pang, na kaka yake angekosa mtihani.

"Nimeonjesha, Bibi. Wazima."

Bibi akawalisha viwavi wote.

Asubuhi chumba kilikuwa kimya. Viwavi walikuwa wameinua vichwa, wakitapika maji ya kijani. Wengine walikuwa wamejikunja na kusinyaa. Bibi alipita ungo baada ya ungo, akiwagusa kwa ncha ya kidole. Hakulia. Suqing alimweleza yote, kitambaa na kikapu, na Bibi alisikiliza bila kumgeukia.

Yonghe alikwenda mwenyewe kwa Bi Pang kukiri. Mwalimu alimfuta kwenye mtihani wa wiki ile, akamrudisha kuanza upya mafunzo ya shambani. Mzee Meng alikuja na jembe kusaidia. Waliwafukia viwavi kwa chokaa, mbali na bwawa la samaki ili sumu isifike majini, na safu ya mwisho ikakatwa hadi mashina.

Tangu siku ile Bibi hakuuliza tena kama majani yameonjeshwa. Alikwenda dirishani kuangalia mwenyewe. Suqing angependelea kuchapwa.

Mvua zilipopungua, Bibi alipata viwavi wapya, wembamba kama uzi. Walipokuwa wamekua, Yonghe alipata cheti. Kabla ya kunyunyizia shamba la kwanza alipita nyumba zote zenye viwavi kutoa taarifa. Siku yenyewe kitambaa kiligeuka, Suqing akashusha mwanzi, Yonghe akatua. Nusu ya shamba ilibaki. Mwenye shamba alinung'unika mpaka akachoka.

Jioni ile Suqing aliweka majani kwenye kikapu, akakaa kando yake. Bibi alivuta kigoda, akakaa pia.

"Kiwavi hawezi kuuliza jani limetoka wapi," Bibi alisema. "Anakula ninachompa, nami nampa kwa neno lako. Ulificha kosa ili umlinde kaka yako, likaenda kuliwa na wasiojua lolote. Wale hawatarudi, mjukuu wangu. Ukiona kitambaa kimegeuka, sema hapo hapo, hata kama unayempenda ataumia."

Suqing aliitikia. Kisha Bibi aliinuka kwenda kwenye nyungo, na mlangoni akasimama.

"Umeonjesha?"

"Nimeweka, Bibi," Suqing alisema. "Bado hatujajua. Tungoje."