Aliyeambiwa Akae Atulie

Kiti cha studio kililia kabla mke wa mpiga picha hajakikalia. Kwii, kama mtu anayesogea kumpisha mwenzake. Mpiga picha mwenyewe alisikia, akajifanya hakusikia. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kugombana na kiti.

Mtaani walimwita Tulia, kwa sababu neno hilo ndilo lililomlisha miaka yote. "Kaa. Tulia. Usiinuke mpaka nikuambie." Lakini siku hizi nani anakwenda studio? Kila mtu ana simu yake, anajipiga mwenyewe, anajisifu mwenyewe. Ndipo Tulia akaamua kujitengenezea kamera. Alichukua kamera kuukuu, akaipasua, akang'oa kile kijioo cha ndani kinachozuia infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu, kisha akaifunga ndani ya sanduku la mbao na kuweka mbele ya lenzi plastiki nyeusi inayopitisha mwanga huo tu. Picha zake zilikuwa za ajabu: ngozi nyororo kama maziwa, macho meusi tii. Tatizo ni kwamba sanduku lile lilikuwa zembe. Aliyekaa mbele yake alitakiwa asitikisike kwa muda mrefu, na wateja wenye subira hiyo wamekwisha duniani. Basi akawa anamkalisha mkewe.

Tangu hapo mkewe akaanza kuchoka. Huyu mwanamke alikuwa anafua mashuka ya nyumba nzima huku anaimba. Sasa akiinua sufuria tupu, anatafuta pa kukaa. Zahanati walimpima, wakasema haumwi kitu, apumzike. Jamani, apumzike mara ngapi? Alikuwa akiyeyuka hivi hivi mbele ya mumewe, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

"Nikikaa hapa," alinong'ona mchana ule, "nahisi nimepakatwa."

"Umepakatwa na nani? Tulia basi, jua linaondoka."

"Sikutanii, mume wangu. Ni mapaja ya mtu. Ya baridi. Na kuna kitu kinanuka."

Kilinuka kweli, harufu ya nywele zilizoungua. Tulia alipiga picha haraka, akainama kuitazama, na pale kwenye kioo kidogo cha nyuma ya sanduku akamwona mkewe amefifia na kutawanyika kwa sababu alikuwa akitetemeka, na kiunoni mwake mikono mirefu isiyo yake imemkumbatia, na juu ya bega lake kidevu kimeegemezwa kama cha abiria aliyesinzia, na juu ya kidevu hicho uso wenye macho meupe pe, usiomtazama mkewe hata kidogo bali unaitazama lenzi kwa utiifu kabisa, uso uliotoka safi, kila unywele unahesabika, maana wenyewe haukuwa umetikisika.

Alimwinua mkewe akamtoa nje, akamfuata shangazi yake.

Shangazi alikuwa mganga. Nusu ya mtaa aliiponya, nusu nyingine alikuwa amegombana nayo. Alikuja akilalamikia magoti, akakitazama kiti, akakataa kukikaribia.

"Nani wa kwanza kupigwa picha na hili sanduku lako?"

"Hakuna, shangazi. Nilijaribia kiti kitupu."

"Ukasema nini?"

Tulia akaligusa sanduku. "Mdomo umezoea tu, shangazi. Nilisema kaa. Tulia. Usiinuke mpaka nikuambie."

"Na ukamwambia ainuke?"

Tulia akakitazama kiti.

"Ala! Mtoto wewe!" Shangazi alifoka kwa kunong'ona. "Umemkalisha jini wa watu ukamsahau! Amechoka kama sisi, na uchovu wake anampa mkeo. Sasa muage kama unavyoaga wateja, kwa adabu. Ukimaliza funga mdomo. Usiongeze neno."

Tulia akasimama nyuma ya sanduku.

"Ahsante sana. Tumemaliza. Unaweza kuinuka."

Kiti kililia, kwiiii, muda mrefu, kama kinatua mzigo. Harufu ya nywele ikampita usoni, ikaelekea mlangoni. Mkewe, aliyekuwa amerudi ndani na kuegemea ukuta, alivuta pumzi mpaka tumboni.

"Nina njaa," alisema kwa mshangao, akaanza kutembea kwenda jikoni bila kushika chochote, na Tulia akahisi machozi ya furaha yanamlenga.

Pale mlangoni pazia likainuka, likabaki limeinuliwa. Sauti ikasikika, imekwaruza, imechoka, ya kistaarabu.

"Picha nizifuate lini?"

Shangazi, na magoti yake yote, alimrukia Tulia amzibe mdomo. Alichelewa. Swali hilo Tulia alikuwa amelijibu maisha yake yote.

"Kesho," alisema. "Karibu tena."

Pazia likashuka. Mkewe akarudi kutoka jikoni taratibu, akitafuta pa kukaa, akaketi sakafuni.